Kitovu cha Pipa

Siku ya tatu ya msiba wa Fundi Damiani, binti yake Roza aliniita kutoka mkekani, akaniingiza chumba alicholala marehemu miaka yake ya mwisho hapa Korogwe. Kitanda kilikuwa kimeondolewa godoro. Ukutani zilining'inia bisibisi zake zote, kubwa kwa ndogo, kila moja na msumari wake, utadhani kesho yake kulikuwa na kazi. Roza akainama mvunguni, akatoa kopo la kakao lililozungushiwa nta pale kifuniko kinapokutana na mwili. "Shangazi Zuhura," akasema, "baba aliniambia nikupe hili akishaondoka. Akasema ukiuliza kwa nini hakukupa mwenyewe, nikujibu kwamba bibi alimkataza." Nikamuuliza bibi yupi. "Hakumtaja jina. Alisema bibi wa mbegu, mwenyewe utamjua." Nilimjua. Nikakaa kwenye chaga za kitanda. Nje walikuwa wanaita watu waje kula; nikaenda, nikakaa mbele ya sinia la wali na maharage, nikashindwa hata tonge moja. Kopo nililitia mkobani bila kulifungua. Nina umri wa kuitwa bibi na watu wenye ndevu, lakini mchana ule nilishikwa na hofu ileile niliyokuwa nayo nikiwa na miaka kumi na tisa, mwaka wa pipa.

Mwaka ule ndio tuliohamia kijijini. Tulitolewa kwenye makazi yetu yaliyotawanyika porini huko Handeni, tukapangwa mstari, nyumba arobaini zikitazamana na barabara katikati. Kwa kuwa nilikuwa nimemaliza darasa la saba na mwandiko wangu unasomeka, nikapewa ufunguo wa ghala: chumba kimoja cha udongo kilichoezekwa bati, bati la pekee kijiji kizima, na ikifika saa saba mchana ungeweza kukaangia karanga mle ndani. Watu walifikiria mengi kuhusu kuhama, wakabishana kuhusu mashamba na makaburi, lakini hakuna aliyefikiria moshi. Sisi Wazigua mbegu ya mahindi hatukuiweka ghalani. Ilifungwa na maganda yake, ikaning'inizwa juu ya jiko, moshi ukaifukiza mwaka mzima mpaka ikawa nyeusi tii, na fukusi hawaisogelei. Nyumba mpya zilikuwa na majiko ya nje, vibanda vya nyasi visivyoweza kubeba hata kibuyu. Basi mbegu zikapukuchuliwa, zikaletwa kwangu katika magunia. Wiki ya tatu niliweka sikio kwenye gunia nikasikia mkwaruzo mdogo usiokoma. Fukusi walikuwa kazini. Mahindi ya chakula yalikwisha zamani; tulikuwa tunakula unga wa njano wa msaada kwa mboga ya mchunga, na bada, ugali wa muhogo, pale muhogo ulipopatikana. Zile mbegu ndizo tulizobaki nazo. Zikiliwa, masika yangetukuta mikono mitupu, na ufunguo ulikuwa shingoni mwangu mimi. Tangu siku ile sikulala usingizi wa kushiba.

Fundi Damiani aliletwa kutoka Korogwe kutengeneza mashine yetu ya kusaga. Alikuwa mtoto wa manamba, amezaliwa kambini katikati ya mkonge, Mkristo asiyekosa rozari mfukoni, na fundi wa karakana ya shamba. Mashine yenyewe haikuwa na cha kusaga, lakini agizo ni agizo. Mchana tukamlisha tulichokuwa nacho kwenye baraza ya ghala, naye akiwa anatafuna akageuza kichwa. "Dada, hilo gunia lako linazungumza." Nikamweleza. Nilieleza kwa kirefu, maana mimi nikiwa na wasiwasi huwa sijui kunyamaza. Akasikiliza mpaka mwisho, akanawa mikono, akasema alipokuwa kijana alitumwa kutengeneza bomba la maji jikoni kwa meneja wa shamba, akaona rafu nzima ya chupa za matunda, na kila kifuniko kimebonyea katikati kama kitovu. Mpishi akamwambia hayo matunda yana mwaka mzima. Siri yake hewa, mpishi alisema. Ukiitoa hewa, hakuna mdudu wala kuvu anayeishi. "Sasa fukusi si mdudu?" Damiani akaniuliza. "Na yeye anapumua kama mimi na wewe. Tumnyime pumzi." Akachukua kijiti, akaanza kuchora mavumbini.

Jaribio la kwanza lilitutia aibu. Damiani alifungua pampu ya baiskeli ya mwenyekiti wa kijiji, ngozi ya ndani akaigeuza nyuma mbele, na vali akaigeuza vilevile, pampu ikawa inavuta hewa badala ya kuisukuma. Tukachukua debe tupu la mafuta, tukaziba kila upenyo kwa nta, Handeni nta haikosekani, naye akaanza kuvuta. Watu walijaa. Kwenye mvuto wa sitini na kitu debe lilipiga kelele, likajikunja lenyewe mbele ya macho yetu bila kuguswa na mtu. Watoto walitimua mbio, na baadhi ya wazee pia, ingawa baadaye walisema walikuwa wanawafuata watoto. "Kimeingia nini humo?" mtu akauliza. "Hakijaingia kitu, kimetoka," Damiani akajibu, jambo ambalo halikumtuliza yeyote. Baadaye tulielewa kosa letu: debe tupu halina cha kulishikilia kwa ndani, lingejaa mahindi lisingebonyea vile. Lakini nani angetupa mahindi ayatie kwenye kitu kilichojikunja mchana kweupe?

Aliyekataa waziwazi alikuwa Bibi Mwanahawa. Huyu ndiye aliyekuwa akifungua msimu. Hakuna aliyepanda kabla yeye hajatia punje ya kwanza ardhini, na ilikuwa hivyo tangu kabla sijazaliwa. Alikuwa mfupi, sauti ya chini, na jirani yangu wa ukuta kwa ukuta. Jioni moja nilimpelekea mboga, nikamkuta amekaa kwenye kibanda chake cha jiko akitazama juu, mahali ambapo mbegu zingekuwa.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mjukuu wangu. Nasikia mnataka kuzinyima pumzi."

"Fukusi, bibi. Si mbegu."

"Na mbegu je, haipumui? Iko hai ile. Mbegu huamkiwa. Ukitoka kitandani, hujasema na mtu, unakwenda unaigusa, nayo inajua ina mwenyewe. Mama yangu aliziamkia, mimi nimeziamkia. Ndani ya pipa utaziamkiaje?"

Nikamwambia hayo ni mambo ya zamani, ya kila mtu na jiko lake. Nilikuwa nimeyasikia mkutanoni, nikayasema kama yangu. Akanitazama kidogo, akasema, "Haya. Wewe ndiye mwenye ufunguo." Nilitoka pale na mashaka, kwa sababu sikuwa na hakika hata kidogo kama mbegu haifi ikikosa hewa, na Damiani nilipomuuliza alijikuna kichwa akasema matunda ya meneja hakuna aliyeyapanda.

Pipa lilitoka karakana ya mkonge, la chuma nene lenye mbavu, kifuniko chake cha kubana kwa pete. Tulilisugua kwa jivu na maji ya moto siku nne, tukalianika mpaka ukitia kichwa ndani hunusi kitu. Mahindi tukayaanika upya, tukayapepeta, halafu tukatia punje kwenye chupa kavu pamoja na chumvi, tukatikisa. Chumvi isipong'ang'ania kioo, mahindi yamekauka. Kati ya kifuniko na pipa Damiani aliweka utepe wa mpira wa baiskeli na nta juu yake. Katikati ya kifuniko alitoboa tundu la upana wa mdomo wa kikombe, akaliziba kwa kipande cha mpira wa ndani wa gari. Hicho ndicho kilikuwa kitovu. Kisha kila kaya ikaleta mtu wake wa kuvuta pampu, mivuto hamsini hamsini, watu wakihesabu kwa sauti na kucheka waliochoka mapema. Bibi Mwanahawa alikuja na mbegu zake kama wengine, akazimimina, akavuta hamsini zake bila kupumzika, akaenda zake. Ilipofika kaya ya thelathini kitovu kilikuwa kimezama. Damiani akafunga mrija wa pampu uliopenya kifunikoni, akaupaka nta. "Kikiwa kimezama, hewa haimo. Kikiinuka, imeingia. Na Zuhura, nisikilize: kitazame kwa macho tu. Usikiguse. Mpira hauna urafiki na mikono." Nikaapa. Akapanda lori la mkonge akarudi Korogwe.

Vuli ikanyima. Mawingu yalikuja yakapita kuelekea milimani, tukayatazama yakinyesha kwa wenzetu wa Vugiri. Maana yake mbegu zilizokuwa zikae miezi miwili zingekaa mitano, na kila siku ya mitano hiyo mimi nililiona pipa lile kabla sijamwona binadamu. Nilikuwa naamka alfajiri, nafungua ghala, natazama kitovu. Kimezama. Napumua. Nafunga. Natembea hatua kumi, najiuliza: kweli nimekiona, au ni giza? Narudi. Macho hayakunitosha. Siku ya tatu au ya nne nilinyoosha kidole gumba nikakigusa, taratibu tu, nikahisi kimebonyea na kukaza, na nikatulia kwa mara ya kwanza tangu jana yake. Kesho yake nikafanya tena. Sikumwambia mtu. Ingekuwaje nimwambie, mimi niliyemcheka bibi wa watu kwa jambo hilohilo? Nilikigusa asubuhi kabla ya kusema na mtu yeyote, na mambo yalipozidi nikawa nakigusa adhuhuri pia, na jioni. Ukuta wa ghala ulikuwa mwembamba na njia ya kisimani inapita nyuma yake, kwa hiyo nikiwa ndani nilisikia wanawake wakiongea. "Ya kwangu yamo mle, debe zima." "Yamo, au yalikuwamo?" "Zuhura anasema yamo." "Zuhura amewahi kupanda nini?" Nilibana pumzi mpaka ndoo zao zikaenda mbali. Siku ile nilikibonyeza kitovu mara ngapi, Mungu anajua. Ukucha wa gumba langu niliufuga mrefu, kama tulivyofanya wote tuliokuwa tunapukuchua mahindi.

Ilibaki kama wiki tatu masika yaanze nilipofungua ghala nikakuta kitovu kimesawazika. Niliweka mkono, mpira ukacheza chini ya kidole, laini, hauna nguvu. Nikakaa chini sakafuni. Ningesema ukweli mtupu, ningesema sijui kilichotokea. Lakini hofu haipendi neno sijui, inataka mtu. Siku mbili kabla Bibi Mwanahawa alikuwa amekuja mlangoni kwangu. "Mjukuu wangu, nifungulie niziguse tu. Sizitoi." Nikamkatalia. Na jana yake niliuacha ufunguo juu ya kizingiti nikaenda kuoga. Nikaunganisha haya na yale. Nilipofika kwa mwenyekiti nilikuwa tayari nimeshajiaminisha, na mkutanoni alasiri ile nilisimama mbele ya kaya arobaini nikasema pipa limefunguliwa, na nikasema kuna aliyekuwa anautaka ufunguo. Jina sikulitaja. Hakukuwa na haja.

Mwenyekiti akamsimamisha. "Bibi, ulifungua?"

"Sikufungua."

"Lakini tangu mwanzo ulipinga."

"Nilipinga. Nikavuta pampu kama ninyi."

Mtu nyuma akasema neno hujuma. Siku zile lilikuwa neno zito, lilitoka redioni na halikurudi bila mtu. Bibi Mwanahawa akanigeukia mimi, si mwenyekiti. "Mjukuu wangu, mkono wangu haukufika huko," akasema, akaketi. Ikaamuliwa asikanyage ghalani tena, na mwaka ule punje ya kwanza ya shamba la kijiji ipandwe na mwenyekiti mwenyewe. Nilitazama miguu yangu. Nilisikitika, ndiyo, lakini chini ya masikitiko kulikuwa na nafuu, na nafuu ile ndiyo inayonichoma mpaka leo.

Pipa lilifunguliwa kesho yake, nje, kwenye turubai, Damiani ameitwa kutoka Korogwe. Juu, kiasi cha shubiri moja, fukusi walikuwa wachache, hai, wanatembea kivivu. Chini yake mahindi yalikuwa safi, yanang'aa, na fukusi waliokuwamo walikuwa makapi yanayopeperuka ukipuliza. Kwa miezi minne tuliwanyima pumzi kweli. Sasa swali lilikuwa lile la bibi: na mbegu je? Hakuna aliyejua. Wanawake wakakaa kuchambua, na Bibi Mwanahawa naye akaja, kwa kuwa turubai halikuwa ghala, akakaa pembeni yangu bila kuombwa. Alichambua muda mrefu, kisha akaweka punje moja kati ya meno, akaipasua, akaitazama kiini chake. Akahesabu punje kumi, akaziviringisha kwenye kitambaa chenye maji, akakitia kifuani. "Siku nne," akasema. Halafu akaushika mkono wangu wa kulia. Sijui alikuwa ameona nini. Akakigeuza kidole gumba changu kwenye mwanga, kikiwa cheusi mpaka ndani ya mistari, weusi wa mpira ambao sabuni ya kufulia ya Mbuni ilikuwa haiutoi tena. Akakifuta kwa pindo la kanga yake, polepole. "Kumbe unaziamkia," akasema kwa sauti ya mimi tu kusikia.

"Kila siku, bibi."

"Vizuri," akasema. Akaurudisha mkono wangu kwenye mahindi. Nilidhani ananitania kwa kunikamata nikifuata desturi niliyoidharau, nikaona haya, nikainamisha kichwa. Nilipoinua macho alikuwa amesimama na Damiani kando ya kifuniko, wanaongea chini chini, na Damiani anatikisa kichwa kama mtu anayekatazwa jambo asilolipenda. Akaung'oa ule mpira, akautia mfukoni. Nilipomuuliza pipa lilivujia wapi, alisema mpira ulikuwa mkuukuu. Hakunitazama usoni, na Damiani alikuwa mtu wa kutazama watu usoni.

Siku ya nne bibi alifungua kitambaa barazani kwake, na watu waliokuwa hawampi salamu walijaa pale. Punje nane zilikuwa zimetoa kimzizi cheupe. Nililia mbele za watu. Masika yalikuja, mwenyekiti akapanda punje ya kwanza akiwa amevaa viatu, na Bibi Mwanahawa alisimama mbali kwenye ukingo wa shamba, amejifunika kanga, akitazama watu wakipanda mbegu zake. Mahindi yaliota mstari kwa mstari. Nilijiambia nitakwenda kumwomba radhi, hata kama alifungua kweli, kwa vile nilivyomwaibisha, nitakwenda tukishapalilia. Wakati wa palizi homa ilimchukua kwa siku tano tu. Tulimzika, na pembeni ya kaburi nilimsikia mtu akisema kwamba angalau aliona mahindi yakiota pamoja na yote aliyoyafanya. Miaka yote iliyofuata niliisimulia hadithi ya pipa, kwa wanangu, kwa wageni, na kila mara nilifika mahali pa bibi aliyelifungua, watu wakatikisa kichwa, nami nikaendelea.

Kopo nililifungua nyumbani, nimekaa peke yangu mezani. Nta ilikatika vizuri, kazi ya Damiani haikuwa imeharibika. Ndani kulikuwa na ile ngozi ya pampu, imekauka, na kipande cha mpira wa gari cha upana wa mdomo wa kikombe, kigumu sasa kama soli ya kiatu. Katikati kilikuwa kimelika, kishimo chembamba, na kwenye ukingo wa kishimo mpasuko mdogo uliopinda kama mwezi wa siku moja. Sikuhitaji kufikiri. Niliweka kidole gumba changu pale, kikaingia kama kilivyokuwa kikiingia kila alfajiri, na ukucha ukakaa juu ya mpasuko, sawasawa. Basi Bibi Mwanahawa alipokigeuza kidole changu kwenye mwanga alikwisha kujua. Alijua, akakifuta, akasema vizuri, akarudi kwake na jina lile la hujuma, ili mimi niliyeshika ufunguo nisivunjike wakati mbegu zinanihitaji. Au labda alifurahi tu kwamba kuna mtu aliyeziamkia. Sina wa kumuuliza.

Juzi nilipanda basi nikaenda Handeni mpaka kijijini. Mwenyekiti wa sasa ni kijana, alinipa kiti na soda, akaniuliza kwa heshima nina jambo gani la kusema mkutanoni. Nikamwambia la mbegu. Watu walikuwa wengi, wazee wa enzi zetu wasiozidi sita, na kati yao mwanamke mmoja niliyemtambua kwa macho, mjukuu wa Bibi Mwanahawa, ambaye miaka yote hakuwahi kunisalimia wa kwanza. Nilikuwa nimeandaa maneno mengi. Yaliponikimbia, nilitoa ule mpira mkobani, nikamwendea pale alipokaa, nikauinua watu wote wauone, na nikaweka kidole changu mahali pake.